Wiki tatu pwani ya mashariki ya Australia, watu wanne, begi mgongoni: tuanzie wapi?

Zuwena wa Chuda

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa mtu aliyepita huko kwa miguu yake mwenyewe. Mtandaoni nimeshasoma mpaka macho yanauma, na wengi wanaoandika ni Wazungu wenye pasi za kupita popote, hesabu zao haziniingii.

Tuko wanne, tulisoma sekondari moja hapa Tanga. Mimi na Rehema ni walimu, Shabani ni fundi wa friji, na binamu yake yuko Dar anafanya kazi benki. Siku ya mahafali ya kidato cha sita tuliahidiana kwamba tukifika miaka thelathini tutasafiri mbali pamoja, mbali kweli. Tumechanga miaka minne, kila mwezi bila kuruka, hata miezi ambayo Shabani alikuwa hana kazi tulimkopesha ili mchango wake usikatike. Mwakani likizo ya Juni na Julai ndiyo tunaondoka, Mungu akipenda.

Ratiba niliyoandika ni hii: Melbourne siku tatu, barabara ya Great Ocean Road siku mbili, Sydney nne, Byron Bay mbili, Gold Coast mbili, Brisbane mbili, kisiwa cha K'gari mbili, visiwa vya Whitsunday mbili, tumalizie Cairns mbili. Jumla ishirini na moja. Rehema anasema sijahesabu njia. Shabani anataka tukodi gari kwa sababu kule wanaendesha kushoto kama kwetu. Binamu yake anataka mabasi.

Maswali yangu: ratiba inawezekana? Gari au basi? Pesa kiasi gani kwa mtu mmoja, ukiacha ndege ya kutoka huku? Rehema hajui kuogelea, je, ataishia kulinda mabegi ufukweni? Na chakula halali huko njiani kinapatikana au tutaishi kwa mikate?

Njeri wa Ruaka

Zuwena, hongereni kwa kuchanga miaka minne. Mimi nilienda Sydney tu, kwa dada yangu, kwa hivyo ya njiani nawaachia wengine. Nitakuambia ya mlangoni.

Viza mtakayoomba ni ile ya matembezi, wanaiita subclass 600. Inaombwa mtandaoni na hakuna stika inayobandikwa kwenye pasipoti, inakaa tu kwenye mfumo wao. Kitu wanachotaka kuona ni kwamba una sababu ya kurudi: barua ya mwajiri inayosema likizo inaanza lini na kuisha lini, taarifa za benki za miezi kadhaa, na maelezo ya safari yanayoeleweka. Mkiwa wanne, kila mtu aandike barua yake, na barua ziseme kitu kimoja. Anzeni mapema.

Kwenye mahosteli mtakutana na vijana wa Ulaya wanaochuma ndizi na kufagia vyumba ili wapate nauli. Hao wana viza ya likizo na kazi. Sisi wa Afrika Mashariki hatumo kwenye mpango huo. Kwa viza ya matembezi usikubali kazi hata ya siku moja.

La mwisho ni vyakula. Ndani ya ndege utajaza kadi, na humo wanauliza kuhusu chakula, mbegu, vitu vya mti, hata viatu vyenye matope. Jibu ukweli. Mimi nilibeba majani ya chai ya nyumbani na kinyago kidogo cha dada yangu, nikaweka alama ya ndiyo. Afisa alikigeuza kinyago chini ya taa akitafuta vitobo vya wadudu, akanirudishia na chai yangu. Jirani yangu wa kiti alificha nyama kavu, mbwa akaketi mbele ya begi lake. Sijui waliishia wapi, lakini faini zao si za mchezo.

Mwana wa Pangani

Dada Zuwena, salaam. Nimesoma swali lako mara mbili, kwa sababu ratiba yako ndiyo ile ile tuliyoiandika sisi jikoni Melbourne, karibu neno kwa neno. Nilikuwa nasoma huko shahada ya pili. Tulikuwa wanne pia: mimi, dada mmoja wa Mombasa, kijana wa Kampala na mwingine wa Dodoma. Tulisafiri Julai, siku ishirini na nne.

Rehema ana haki. Chukua ramani ujumlishe. Melbourne mpaka Sydney ni kama kilomita 880. Sydney mpaka Brisbane zaidi ya 900. Brisbane mpaka Cairns kama 1,700. Hapo umefika 3,500, yaani Tanga mpaka Dar mara kumi, na hujachepuka hata mara moja. Ratiba yako ina mabweni tisa katika siku ishirini na moja. Mtakachokumbuka ni kufunga mabegi.

Futeni Melbourne na Great Ocean Road. Ninasema hivyo nikiwa nimeishi Melbourne na kuipenda. Barabara ile ilijengwa na wanajeshi waliorudi kutoka vita vya kwanza vya dunia, kati ya 1919 na 1932, na ile miamba iliyosimama baharini inastahili safari yake yenyewe. Lakini Julai Melbourne mchana ni nyuzi 14, upepo unatoka kusini kabisa, na mtu wa Tanga aliyefika jana hatafurahia chochote. Siku hiyo hiyo Cairns ni nyuzi 26.

Kwa hiyo geuzeni: ukifika Australia, panda ndege ya ndani moja kwa moja mpaka Cairns, halafu shukeni polepole kuja Sydney. Kaskazini mnaianza mkiwa na nguvu, na miezi hiyo kwao ni ya ukavu. Kuna sababu nyingine kubwa zaidi. Kuanzia Novemba mpaka Mei, bahari ya kaskazini ya Queensland ina konyeza wabaya, wengine mnawaita yavuyavu, wenye sumu ya kuua mtu mzima. Ufukweni wameweka chupa za siki kwenye nguzo kwa ajili hiyo. Juni na Julai hatari hiyo hupungua sana, ingawa kwenye boti za matumbawe bado watawapa vazi la kufunika mwili mzima. Livaeni.

Cairns yenyewe haina ufukwe wa kuoga, watu wengi hawaambiwi. Mbele ya mji kuna tope, na vibao vya mamba wa maji ya chumvi. Halmashauri imejenga bwawa kubwa la maji ya chumvi pale Esplanade, bure. Rehema aanzie hapo, maji ya kifuani, siku mbili nzima kabla hamjapanda boti.

Sasa boti. Usibane pesa hapa, bana kwingine. Tulilipa zaidi ya dola 200 za Australia kila mtu kwa siku moja ya kwenda mwamba wa nje wa Great Barrier Reef. Mimi nimekulia Pangani, kisiwa chetu cha Maziwe nimekwenda na mashua ya baba tangu sijui kusoma, nikadhani matumbawe nayajua. Mwamba ule una urefu wa kilomita 2,300. Unatoka mjini kwa boti ya kasi saa nzima na zaidi, bara limepotea nyuma, halafu maji yanabadilika rangi ghafla katikati ya bahari kuu.

Mwenzetu wa Dodoma hakujua kuogelea. Mhudumu wa boti, binti mdogo tu, alimvalisha jaketi la kuelea, akampa miwani na mrija, akamshikisha boya la duara lenye kamba na kuanza kumvuta taratibu juu ya matumbawe. Kwa dakika za kwanza jamaa alikuwa amekakamaa kama gogo. Baadaye tukaona anaachia mkono mmoja na kuonyesha chini: kasa alikuwa anapita chini yake, hana haraka, anapiga makasia yake mawili. Tulipoitwa kula, yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka majini. Rehema hatalinda mabegi, dada yangu. Mkikata tiketi semeni mapema kwamba yupo asiyejua kuogelea.

Mtaona pia sehemu nyeupe. Maji yakizidi joto, tumbawe hutema vile vijimea vinavyolilisha na kulipa rangi, likabaki mfupa. Imetokea kwa eneo kubwa mwaka 2016, 2017, 2020, 2022 na 2024. Nilielea juu ya kipande kimoja cheupe kama chokaa na sikuweza kuzungumza na mtu kwa muda. Nilikuwa nafikiria Maziwe.

Baada ya Cairns tulikuwa na tiketi ya basi ya siku nyingi, unapanda na kushuka unapotaka ilimradi uweke kiti mapema. Townsville tulilala usiku mmoja, tukavuka na feri kwenda Magnetic Island kutafuta koala kwenye njia ya Forts Walk. Tuliona watatu, wamelala kwenye panda za mikaratusi. Usipite Airlie Beach bila kwenda ufukwe wa Whitehaven, kwenye visiwa vya Whitsunday. Mchanga wake ni silika tupu, haushiki joto, unatembea peku saa saba mchana. Safari za boti za kulala siku mbili ni ghali. Sisi tulichukua ya siku moja na hatukujuta.

Kosa letu lilikuja hapo. Tulitoka Airlie kwa basi la usiku, zaidi ya saa kumi na mbili, tukafika Rainbow Beach asubuhi na kuingia kwenye maandalizi ya K'gari bila kulala. Wakala mmoja alikuwa ametuuzia kifurushi chenye kitanda cha usiku ule, na kitanda hakikuwepo. Watu wanne waliochoka, wenye njaa, kila mmoja anamlaumu aliyekata tiketi. Maneno yaliyosemwa asubuhi ile kati yangu na wa Kampala yalichukua siku tatu kusahaulika. Wekeni usiku mmoja wa kulala kitandani kabla ya K'gari, na usiku mmoja baada yake.

K'gari ndiyo iliyokuwa ikiitwa Fraser Island. Jina la wenyeji wake, Wabutchulla, lilirudishwa rasmi mwaka 2023. Ndicho kisiwa kikubwa zaidi cha mchanga duniani, hakuna lami, na ufukwe wa mashariki ndiyo barabara kuu. Magari ya magurudumu manne yanapita pale maji yakikupwa, kwa sababu yakijaa barabara haipo tena. Huendeshi ufukweni saa mbili kabla ya maji kujaa wala saa mbili baada ya kujaa. Kiongozi wetu alitandaza jedwali la maji juu ya boneti na kuanza kuwaeleza Wajerumani na Wakanada bamvua ni nini, mimi nikawa namalizia sentensi zake. Aliniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia kwetu mtoto anajua maji ya leo kabla hajajua tarehe.

Mle ndani kuna ziwa McKenzie, kwa Kibutchulla ni Boorangoora, maji ya mvua peke yake juu ya mchanga mweupe. Usipake mafuta ya jua kabla ya kuingia, yanabaki majini. Kuna dingo, mbwa mwitu wao. Hamtembei peke yenu, hamwachi chakula hemani, hata dawa ya meno. Wanapendeza kwa macho lakini si wa kuchezea.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nijibu swali hili.

Kule kaskazini mwamba unavunja mawimbi mbali, kama kwetu. Ule mwamba mkuu unaishia kaskazini ya K'gari. Kuanzia hapo kushuka Gold Coast, Byron, mpaka Sydney, ufukwe uko wazi kwa bahari ya Pasifiki yote. Mimi sikulifikiria hilo. Tulifika ufukwe mmoja karibu na Byron Bay saa nne asubuhi. Kulikuwa na bendera mbili za nyekundu na njano, na watu wote wamejibana katikati yake ambako mawimbi yanawapiga. Pembeni, kama hatua mia, palikuwa na uwazi wa maji tulivu, rangi nzito kidogo, hakuna wimbi linalovunjika. Nikawaambia wenzangu, hawa hawajui bahari, pazuri ni pale.

Kwetu, maji tulivu ni ndani ya mwamba, ndiyo salama. Kule, maji tulivu katikati ya mawimbi ni mlango: maji yote yaliyoletwa ufukweni na mawimbi yanarudi kupitia hapo. Nilipofika kiunoni mchanga ukaanza kukimbia chini ya nyayo. Nikageuka nirudi. Nikaogelea kwa nguvu zote, mkono kwa mkono, nikiinua kichwa naona dada wa Mombasa amesimama kwenye kanga yake anazidi kuwa mdogo. Nguvu ziliniishia haraka kuliko nilivyowahi kujua. Mtoto wa mvuvi, niliyevuka mdomo wa mto Pangani kwa kuogelea, nilikunywa maji na kutamka shahada.

Aliyenichukua ni kijana wa ubao wa mawimbi. Alinilaza kifudifudi juu ya ubao, na badala ya kupigana na mkondo akakata pembeni, sambamba na ufukwe, mpaka tukafika panapovunjika mawimbi, yakatusukuma wenyewe. Mwokoaji wa zamu, mama wa makamo, alinikalisha chini akanipa maji na kunieleza kwa upole: ukishikwa usishindane nao, elea, inua mkono juu, na kama una nguvu toka kwa pembeni. Na uogelee baina ya bendera. Kama hakuna bendera, hakuna kuoga.

Wewe, Shabani na binamu yake ni watu wa Tanga. Nyinyi watatu mnaojua kuogelea ndio ninaowahofia. Rehema hatajaribu.

Pesa: kwa kila mtu ilikuja kama dola 3,000 za Australia, kwa kiwango cha wakati ule kama milioni tano za kwetu. Ndani yake kuna ndege ya kwenda Cairns, basi, vitanda, boti mbili, K'gari na chakula. Mkiwa wanne mna bahati: ombeni chumba cha vitanda vinne mkichukue chote, bei inakaribiana na vitanda vinne vya bweni, na mnafunga mlango wenu. Chakula tulikuwa na mfuko mmoja, kila Jumapili kila mtu anatia dola 90, na dada wa Mombasa ndiye aliyeushika peke yake. Hakuna aliyenunua soda kwa mfuko ule bila yeye. Ugomvi wa pesa hatukuupata.

Halali: kwenye miji mikubwa mtachagua wenyewe, hasa Lakemba kule Sydney, ambako mtaa mzima unanukia nyama ya kuchoma. Njiani tulipika. Karibu kila bustani ya ufukweni ina jiko la umeme la bamba la chuma, unabonyeza kitufe linawaka, bure. Dada wa Mombasa alibeba karatasi ya foili kwenye begi na kutandika tabaka mbili juu ya bamba, maana huwezi kujua aliyetangulia alikaanga nini. Samaki, viazi, kitunguu, ndimu. Tulikula vizuri kuliko waliokuwa hotelini.

Bahati wa Logan

Jambo kwenu wote. Mimi ni Mkongomani, nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na sasa familia yetu iko Logan, kati ya Brisbane na Gold Coast. Kiswahili huku tunasema kila siku, kanisani, sokoni, kwa simu. Msijione wageni.

Ndugu wa Pangani amesema vizuri. Naongeza ya gari. Shabani, kushoto ni kushoto kweli, na leseni yenu ikiwa na Kiingereza mgeni anaruhusiwa kuendesha. Lakini gari la kuchukua Cairns na kurudisha Sydney linaongezewa malipo ya kuliacha mbali, na wanazuia pesa nyingi kwenye kadi mpaka urudishe. Halafu ni njia ndefu, imenyooka, inaleta usingizi. Jua likianza kuzama, kangaruu wanatoka kula majani kando ya barabara na wanaruka mbele ya taa. Mimi nikiwa mbali na mji, saa kumi na moja jioni nimeshatafuta pa kulala. Chukueni basi kwa safari ndefu. Mkitaka gari, kodini siku moja tu, kuzunguka kaskazini ya Cairns mpaka msitu wa Daintree, mrudishe palepale.

Mkifika Brisbane mtapumzisha mfuko. Tangu Agosti 2024 basi, treni na feri za mjini ni senti hamsini kwa safari, popote unapokwenda. Hata Gold Coast mtaenda kwa senti hamsini na kurudi siku hiyo hiyo, msilipie vitanda kule. South Bank kuna ufukwe wa kutengenezwa katikati ya mji, kina kifupi, waokoaji wapo, bure, dada Rehema ataufurahia. Na shukeni Moorooka, maduka ya Waafrika yamepangana: sombe, unga wa mahindi, samaki wakavu, kitenge. Ukisimama mlangoni useme "hodi" utasikia "karibu".

Zuwena wa Chuda

Nimewasomea wote watatu kwa sauti, tumekaa barazani kwa Rehema. Kaka wa Pangani, ulipofika pale kwenye maji, Shabani alinyamaza. Yeye ndiye aliyekuwa anasema atatufundisha.

Tumefuta Melbourne. Ratiba mpya: Cairns siku tano, Magnetic Island moja, Airlie mbili, Rainbow Beach na K'gari nne, Brisbane tatu, Byron mbili, Sydney nne. Gari siku moja tu. Rehema ameanza kujifunza kuogelea Raskazone, anaingia maji yakijaa nusu, na shangazi yake anamshika mgongo. Anauliza maswali mawili: Byron kuna nini kwa mtu asiyeingia majini? Na Sydney ni ghali kama wanavyosema?

Mwana wa Pangani

Mwambie Rehema hongera, na amshukuru shangazi.

Byron apande kwenye mnara wa taa. Ulijengwa 1901, na rasi ile ndiyo ncha ya mashariki kabisa ya bara la Australia. Tokeni hosteli bado giza, valieni sweta, kwa kuwa Julai alfajiri ni baridi kweli. Njia inapita msituni, halafu juu ya majabali. Miezi hiyo nyangumi wanapita kwenda kaskazini kuzaa. Siku moja baada ya yaliyonipata sikutaka kuiona bahari, wenzangu wakanilazimisha kupanda. Tulisimama kwenye ukingo wa mbao, kanga ya dada wa Mombasa ikituzunguka wawili wawili kwa zamu. Kwanza unaona moshi wa maji, mbali, kama mtu amepuliza unga. Halafu mgongo. Halafu, kama umebahatika, mwili wote unatoka nje na kurudi, na mshindo wake unakufikia baadaye. Wa Kampala, ambaye tulikuwa hatujasemezana vizuri tangu Rainbow Beach, alinishika bega na hakuliachia mpaka jua lilipotoka lote.

Sydney kitanda ni ghali, hilo kweli, wekeni mapema. Kuzunguka si ghali. Gonga kadi yako ya benki kwenye mashine na kuna kikomo cha siku, ukikifikia hukatwi zaidi. Msinunue boti ya watalii. Pandeni feri ya kawaida ya kwenda Manly, nusu saa, inapita mbele ya Opera House na daraja kama ile ya watalii, na mnakaa na watu wanaotoka kazini. Kaeni nje, upande wa kulia mkiwa mnaondoka mtaiona Opera House vizuri. Siku nyingine tembeeni kutoka Bondi mpaka Coogee, kilomita sita juu ya miamba, na kule pembeni kuna mabwawa yaliyojengwa kwenye mwamba, bahari inamwagikia ndani. Milima ya Blue Mountains ni treni ya saa mbili mpaka Katoomba.

Ratiba yako ninaikubali, ila ongeza jambo moja. Brisbane, siku ya katikati, kila mtu aende zake peke yake kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Sisi tuliifanya kwa kuchelewa. Jioni tulikutana South Bank kila mmoja na hadithi yake, ndipo tukaanza tena kuongea kama marafiki.

Na jioni yenu ya kwanza Cairns, kabla ya kitu kingine chochote, nendeni Esplanade maji yakiwa yamekupwa. Tope linaenda mbali, mikoko iko pembeni, ndege wa miguu mirefu wanadonoa, mwari wakubwa weupe wamesimama tu. Harufu yake ni ile ya Pangani maji yakitoka. Nilisimama pale na begi bado liko mgongoni. Nikampigia baba simu, kule kwetu ilikuwa asubuhi, akaniuliza maji yakoje. Nikamwambia yamekupwa. Akasema hata huku.